Tope Si Tope Tu

Bamvua iliyopita (maji makubwa ya mwezi mchanga au mpevu), kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa, vijana wapya walipanda mbegu za mkoko kwenye tope tupu, mistari imenyooka kama gwaride. Picha zikapigwa, watu wakaenda zao. Wanetu, tuzungumze.

1. Jueni mti gani unakaa wapi. Mlilana hutangulia mbele, unakoshwa na maji kila siku. Mkoko hufuata, kisha muia na mkandaa. Mchu hauna adabu: utaukuta mbele na utaukuta nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali. Kikandaa ni wa huko nyuma. Kuita yote "mikoko" sokoni ni sawa. Kazini ni hasara.

2. Hili la tope tupu ndilo linalotuuma, maana sisi tuliotangulia tulilifanya hili hili. Tope lile liko wazi kwa sababu. Bamvua ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na miti hii yote hukaa nusu ya juu ya nafasi hiyo. Ukishuka chini, mche unazama saa nyingi mno, mizizi haipati hewa. Kinachodanganya ni kwamba mbegu ya mkoko ina akiba yake ya chakula. Itatoa majani mawili, manne, mfadhili atashangilia. Akiba ikiisha, basi. Hapo wale wadudu wa gamba gumu wanaoganda kwenye mashua wamekwisha kuvaa shina zima, mche unaelemewa, wimbi linaulaza. Tena pale hapakuwa patupu: kombe na vijikaa wamo humo ndani, na maji yakipwa ndege wa pwani huja kuwadonoa. Kwenye majani ya bahari ni vibaya zaidi, kwani mnakanyaga malisho ya kasa na ya samaki tafi. Kabla ya kuchomeka kitu, tafuteni miche iliyojiotea yenyewe. Kama haipo hata mmoja na miti mama iko jirani, ulizeni kwa nini.

3. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano chini ya tunda na hung'oka kwa kuigusa tu. Ukilazimika kuivuta, iache. Ncha iliyokuwa ikining'inia ndiyo inayoingia topeni, si ile ya juu (ndiyo, kila msimu yupo anayegeuza). Ya sentimita 50, kuizamisha sentimita 15 kwatosha. Mita moja kati ya mche na mche.

4. Msirundike udongo shinani mkidhani mnasaidia. Vijiti vya mchu, magoti ya muia: hiyo ni mizizi ya kupumulia, hizo ni pua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo hori ya Mwache, ukafunika pua hizo, na miti mikubwa ikafa imesimama.

5. Kaa atatafuna baadhi ya mbegu. Msimuue. Mashimo yake ndiyo yanayopitisha hewa na maji topeni, nasi tunapanda nyumbani kwake.

6. Kule Sabaki au Delta ya Tana, ambako maji baridi ya mto hukutana na ya chumvi, msibebe mpangilio wa Tudor kichwani. Angalieni upya. Na penye mafunjo au matete, mkoko mwacheni nyumbani.

7. Vaeni viatu vya kufunga. Kandambili hubaki topeni, na chaza hukata kama wembe.