Upanga wa Humakt na mori wa vita: maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu Humakt, mungu wa Kifo wa Glorantha, ulimwengu alioubuni Greg Stafford na ambamo mchezo wa kuigiza wahusika uitwao RuneQuest umechezwa tangu 1978.

Mhusika wangu ni mfuasi wa Humakt. Mbona mwendesha mchezo hataki apandwe na mori vitani?

Kwa sababu mori una wenyewe. Ni wa Storm Bull, ambaye wafuasi wake hupandisha wakikutana na viumbe wa Machafuko, nguvu inayotaka kuiangamiza dunia. Ni wa Babeester Gor, mlipiza kisasi wa miungu ya Ardhi. Na ni wa Zorak Zoran, anayeabudiwa na matroli, majitu ya gizani. Aliyepandwa na mori hushambulia vikali mno, ila hakingi pigo wala halikwepi. Humakt ana runi mbili, yaani alama za nguvu zake, Kifo na Ukweli, na wachezaji wengi huisahau hiyo ya pili. Mwenye mori hajali anamuua nani wala kwa nini. Mfuasi wa Humakt lazima ajue yote mawili. Mwache mwenzako wa Storm Bull apige mayowe. Wewe nyamaza, kisha chomoa upanga. Nakuhakikishia meza nzima itakutazama wewe.

Kwani kumwabudu Kifo si ruhusa ya kuua yeyote?

Hata kidogo! Kumbuka kisa chenyewe. Kifo, ambacho ndicho upanga wa Humakt, kilipopatikana, hakuna aliyejua ni kitu gani, mpaka Babu wa Wanadamu alipokuwa wa kwanza kufa. Halafu Eurmal, yule laghai, akakiiba, kikafika mikononi mwa Orlanth, mungu wa tufani, naye akakitumia kumuua Yelm, mfalme wa jua. Dunia ikaingia gizani. Humakt, aliyekuwa ndugu wa Orlanth, akaukata undugu huo. Dini yake imejengwa juu ya jeraha hilo: upanga ukishikwa na asiyejizuia, maafa ni ya wote. Ndiyo maana kila kipawa anachompa mfuasi huja na mwiko wake. Huyu haruhusiwi kushiriki shambulio la kuvizia, yule haruhusiwi kutumia sumu. Mimi nampima mchezaji hapo: je, anashika mwiko wake hata siku unapomgharimu ushindi?

Akiuawa, anaweza kufufuliwa?

Hapana. Waganga wa Chalana Arroy, mungu wa uponyaji, hufufua wengine, siyo yeye. Mchezaji aambiwe mapema, kabla hajamchagua mungu huyu.

Zorak Zoran naye ana runi ya Kifo. Wafuasi wao wanapatana?

Ni maadui. Zorak Zoran huua kwa chuki, na wafuasi wake huwainua maiti wakapigane tena. Kwa mtu wa Humakt, maiti anayetembea ni uongo mtupu, na atamwangusha huyo kabla ya adui aliye hai. Mkitaka wote wawili wawe kundi moja, kubalianeni kabla ya kikao cha kwanza mtafanyaje siku maiti wa kwanza atakapoinuliwa.