Maswali Yenu: Riwaya ya Enzi za Mdachi

SWALI: Naandika riwaya ya vijana wawili wa Tanga, mwaka 1902. Nimeshauriwa nijaze maneno ya Kijerumani kwenye mazungumzo ili msomaji aone ni enzi zile. Hadi sasa nimeweka shule, hela, ombasha na shaushi. Mengine ni yapi? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Usijaze. Utawala wa Kijerumani ulituachia maneno machache mno; shule na hela ndiyo yaliyobaki vinywani mwetu kila siku. Serikali yenyewe iliwatumia maakida na majumbe, na shughuli zao zilikwenda kwa Kiswahili, kwa hiyo raia hakulazimika kukopa maneno.

Halafu hela yako imewahi. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 ndipo ilipoletwa hela, 100 kwa rupia. Muuza samaki wako wa 1902 atataja pesa na rupia tu. Ukiipenda sana hela, sogeza hadithi hadi 1905. Na ukitaka mhusika ashike hela 10 yenye tundu katikati, ngoja hadi 1908. Shilingi usiiguse kabisa, hiyo ilikuja na Mwingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ombasha (koplo) na shaushi (sajenti) si Kijerumani. Asili yake ni Kituruki, kupitia jeshi la Misri. Mwaka 1889 Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliajiri Wasudani kutoka Misri kuja kupigana pwani, nao wakaja na vyeo vyao, hadi efendi, yaani ofisa. Yabakize, ni sahihi kwa askari na watu wa boma.

Kitakachokuumbua zaidi ni majina. Nchi isiitwe Tanganyika: jina hilo ilipewa na Waingereza mwaka 1920, kabla ya hapo ni ziwa. Barua ya serikali iandike Wilhelmstal, lakini Msambaa aseme Lushoto. Wajerumani waite Wadachi, kama tenzi za wakati ule zinavyowaita. Mhusika anayetoka Unguja mpe skuli badala ya shule, na mtoto anayesoma Kurani, awe Tanga au Unguja, yuko chuoni. Kijerumani chenyewe kiache kwa Mjerumani: amri moja fupi ambayo aliyesimama mbele yake haielewi inatosha kwa sura nzima.

SWALI: Wahusika wangu wakikutana wanasalimiana nusu ukurasa. Nikikata, walionisomea wanasema hawana adabu. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Salamu iliyokwenda sawa ipitishe kwa sentensi moja: "Wakaamkiana, wakaulizana hali za nyumbani." Adabu imetimia, nawe umeendelea. Iandike neno kwa neno pale tu inapokwenda kombo. Kijana anaingia barazani, anatoa "sabalkheri" kwa wote bila shikamoo kwa mzee aliyekaa katikati. Hapo ugomvi umeanza na hujaueleza.

Jibu la habari nalo lina kazi kubwa. Kwetu mtu hutangulia kusema njema hata akiwa na msiba:

"Habari za Pangani?"
"Njema."
"Na mama?"
"Njema. Tumemzika Ijumaa."

Wengi hukosea hapa, wakamfanya mgeni aangue kilio mlangoni kabla hata hajaitikiwa hodi. Kosa jingine ni "mambo" na "poa" katika hadithi ya zamani. Tumia hujambo, u hali gani, masalkheri, na habari za utokako.

SWALI: Nachapisha mwenyewe, kurasa 200. Mchapaji anataka faili, mimi nina maandishi tu kwenye kompyuta. Na bei nipange vipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Faili liwe la maandishi yaliyokwisha kupangwa kurasa. Chagua ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Ukingo wa ndani uwe milimita 20, la sivyo maneno yatazama kwenye mgongo wa kitabu. Kurasa nyingi huchapwa kwa mafungu ya 16, hivyo 200 zako zitafikia 208; hizo 8 za ziada zitumie kwa shukrani na maelezo ya mwandishi. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, na kurasa 208 ni karatasi 104, basi mgongo ni kama milimita 10 au 11. Mwulize mchapaji unene wa karatasi yake kabla jalada halijachorwa, maana mgongo ukikosewa jina la kitabu huangukia ubavuni. Picha ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Lipia nakala moja ya mfano na uisome yote kwa kalamu mkononi, ndipo uruhusu zilizobaki.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu yenye tarakimu 13, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Walioko Kenya waende Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kiwe na namba yake.

Kwenye bei ndiko waandishi wengi wanakoumia, kwa kuzidisha gharama mara mbili na kuridhika. Tuseme nakala moja imekugharimu shilingi 6,000 nawe unauza 12,000. Duka likichukua asilimia 40, yaani 4,800, unabaki na 7,200. Toa 6,000 za uchapaji: faida ni 1,200, na nauli ya mzigo bado hujailipa. Kwa gharama hiyo anzia 15,000, na uanze na nakala 100 au 200, hata kama mchapaji atakushawishi kwa nafuu ya kuchapa nakala 1,000.