Kuhamia Msumbiji moja kwa moja: nenda, ila mikorosho usiuze

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama uuze shamba la mikorosho aliloacha marehemu baba ili uhamie Pemba, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, moja kwa moja. Wengi wamekujibu kwamba maisha ni popote. Mimi nimeishi Pemba miaka mingi, nauza vitenge na vyombo, na duka bado lipo. Ninachokwambia ni hiki: nenda, ila shamba usiliguse.

Sisi watu wa Kusini kuvuka Ruvuma ni jambo la kurithi. Wazee wengi walitoka ng'ambo wakaja kukata mkonge Lindi, na vita vya FRELIMO vya kudai uhuru kwa Wareno vilipoanza 1964 wengine wakakimbilia huku kwa ndugu zao. Ndiyo maana ukifika Pemba hujioni mgeni. Pale mtaa wa Paquitequete watu wanaongea Kimwani, na mwenye Kiswahili hachukui muda kukizoea. Wamakonde utawakuta kila kona. Hapo ndipo watu wanapojisahau: wanaoa, wanafungua biashara, miaka inakatika, na mkononi wana pasi tu yenye muhuri wa mgeni wa kupita.

Mapema mwaka 2017 Msumbiji iliwaondoa wageni kwa maelfu kwenye maeneo ya rubi ya Montepuez, Watanzania wengi wakiwemo. Wapo waliorudi Mtwara mikono mitupu. Na usidhani urefu wa kukaa peke yake unakupa haki. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu enzi za mkoloni, watoto na wajukuu wao walikaa bila kitambulisho cha nchi yoyote mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, Oktoba 2016. Ndipo wakatambuliwa. Vizazi vitatu, ndugu yangu! Mtu hawezi kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Jambo hili linaniuma kila nikilikumbuka, maana ni watu wetu.

Kwa hiyo cha kwanza ni kibali cha ukaazi, Msumbiji kinaitwa DIRE. Kina tarehe ya mwisho, na kila kikiisha unaomba tena na kulipia tena. Weka pesa hiyo pembeni kama unavyoweka kodi ya fremu. Cha pili ni Kireno. Mimi nilimlipa mwalimu wa shule ya msingi anifundishe jioni baada ya kufunga duka, na sijawahi kutumia pesa vizuri kuliko hiyo. Ukijua Kireno unasoma mwenyewe unachosaini, na dalali wa kukuambia "nipe nikushughulikie" hakupati.

Uraia ni safari nyingine. Katiba yao inataka uwe umeishi nchini kihalali angalau miaka 10, pamoja na masharti mengine. Ardhi yote ni ya serikali. Mgeni anaweza kuomba haki ya kuitumia akishakaa miaka mitano na akiwa na mradi wa uwekezaji ulioidhinishwa, na haruhusiwi kuinunua. Sasa geukia huku nyumbani. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Ipo sasa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, nayo inaleta nafuu, lakini si uraia. Isome vizuri kabla hujaukana utanzania. Watoto wako wakizaliwa kule, nao kuna siku watatakiwa kuchagua wakishatimiza miaka 18, kwa hiyo tunza vyeti vyao vya kuzaliwa.

Mikorosho ndiyo iliyotuokoa mimi na familia yangu. Mji wa Palma, kaskazini mwa Pemba, uliposhambuliwa na waasi Machi 2021, watu walimiminika Pemba na biashara ikasimama. Mke wangu na watoto niliwarudisha Newala, kwenye nyumba ya mzee. Shamba lilikuwa limepaliwa na kupuliziwa salfa kwa wakati, na pesa ya mnada wa msimu ule ndiyo iliyolipa ada za shule na kunirudishia mtaji. Jirani yangu wa dukani, aliyeuza kila kitu Tandahimba kabla ya kuondoka, hakuwa na pa kurudi. Alipanga chumba Mtwara mjini na kuanza upya akiwa mtu mzima.

Mtafute ndugu unayemwamini alitunze shamba, mkubaliane mgao kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Namba yako ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima ibaki hai kwa jina lako. Kisha shughulikia cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasi, uvuke kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala ukigongewa muhuri. Mara ya kwanza kaa siku ulizopewa, uangalie soko, urudi. Ukitaja hapa unataka kufanya biashara gani, nitakueleza bei za fremu na mitaa yenye wateja.