Gari inavuma nikiongeza spidi: ni beringi ya tairi au gia boksi?

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ni ya gia za mkono na inavuta kwa tairi za mbele. Ina kama wiki tatu inatoa mvumo mzito kuanzia spidi 50 hivi, nikifika 80 tunaongea kwa kupaza sauti. Nikikata kushoto inavuma zaidi, nikikata kulia inapungua kabisa. Fundi mmoja kaniambia gia boksi ndo inakufa, mwingine kasema beringi ya mbele kushoto maana mlio unasikika huko. Jeki na spana ninazo. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba. Hiyo beringi ya kushoto usiinunue kwanza! Ukikata kushoto uzito wa gari unahamia kulia, kwa hiyo beringi inayolemewa ni ya kulia na hiyo ndo inapiga kelele, na sauti nayo inatembea kwenye bodi la gari mpaka unaisikia sehemu ambayo siyo. Watu wengi wanabadilisha upande usio na tatizo kwa kosa hili hili, inaniuma sana nikiona.

Gia boksi nayo iondoe kwenye mawazo kidogo. Ukiwa kwenye 80 barabara iliyonyooka kanyaga klachi, mvumo ukibaki vilevile injini haihusiki, na kwa vile wako unabadilika kila ukikata kona mimi naangalia tairini kabla ya kufungua gia boksi ya mtu. Ila tairi lenyewe lililolika kwa mawimbi linavuma hivyo hivyo, sasa pitisha kiganja juu ya tairi, ukisikia mabondemabonde hamisha za mbele ziende nyuma halafu uendeshe, mlio ukihama nazo tatizo ni tairi.

Halafu piga jeki mbele, weka stendi chini ya gari (jeki peke yake inaua, siyo utani), zuia tairi za nyuma kwa mawe, gia iwe huru. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki wakati unatikisa: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi (kiungo cha chini kinachoshikilia tairi). Lisipocheza usifurahi haraka, beringi nyingi za magari ya sasa zinavuma muda mrefu bila kucheza hata kidogo. Kipimo ninachokiamini mimi ni kuweka kiganja kwenye springi ya shokapu huku mkono mwingine unazungusha tairi, beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza kama kuna mchanga ndani. Fanya kulia, fanya na kushoto, ulinganishe.

Sasa kubadilisha, hapo inategemea gari yako. Kama beringi na habu (kile kitovu tairi linapofungwa) ni kitu kimoja kinachofungwa kwa bolti 3 au 4, hiyo unaiweza. Nati kubwa ya shafti ilegeze gari ikiwa bado chini na mtu kakanyaga breki, ukishainyanyua tairi litakuzungukia tu. Toa tairi, toa kalipa (ile inayobana disiki ukikanyaga breki) uining'inize kwa waya (isining'inie kwenye mpira wake wa breki), toa disiki, chomoa waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki), ndo unafuata bolti za nyuma. Habu mara nyingi imeshikwa na kutu, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu uiache ilowe, na kabla ya kufunga mpya sugua pale inapokaa mpaka paonekane chuma, uchafu ukibaki habu inakaa upande na disiki nayo itayumba.

Kama ni ya kushindiliwa kwenye chuma chake, toa hicho chuma chote upeleke kwa mwenye presi, hii ya nyundo naomba uiache kabisa. Na usimame hapo uone anasukuma wapi: beringi ikiingia kwenye chuma inasukumwa kwa ringi ya nje, habu ikiingia kwenye beringi ringi ya ndani ndo inakuwa imeshikiliwa kwa chini. Akikosea, nguvu zote zinapita kwenye gololi na beringi mpya inaanza kuvuma siku hiyo hiyo.

Nati ya shafti weka mpya, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari yako, siyo kwa kukisia. Na gari isisogezwe hata hatua mbili kabla ya kukazwa, kwa sababu hiyo nati ndo inayobana ringi za ndani, ikiwa imelegea uzito wa gari unaiharibu beringi hapo hapo. Upande wa pili kama ni mzima uache, hailazimu kubadilisha zote mbili.

Kitu kingine, beringi nyingi za sasa zina ringi ya sumaku ya ABS upande mmoja tu, na upande huo lazima utazame sensa. Kwa macho pande zote zinafanana, sogeza pini ndogo, utakaoinasa ndo wenyewe. Ikiingia kinyume taa ya ABS itawaka na hapo hakuna kugeuza, maana kuichomoa tena kwa presi kunaiharibu, utanunua nyingine.