Je, kijana anayenyanyua vyuma atadumaa?

Ndugu, hofu yako kwamba kijana wa miaka 13 akinyanyua vyuma atadumaa ni ya siku nyingi, ila utafiti haujaithibitisha. Ni kweli kwamba karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu, yaani sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, ambamo mfupa hurefukia, nayo inaweza kuumia. Lakini majeraha ya aina hiyo kwa kawaida hutokana na uzito uliopita kiasi, mkao mbaya au kukosa msimamizi, si mazoezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Kinachonitia shaka zaidi ni vile vyuma vya kujitengenezea uani, yaani bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege, ambavyo huwezi kuvipunguza uzito. Aanze na pushapu na kuchuchumaa na kuinuka. Akiongeza mzigo, uwe ule anaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15 bila mgongo kupinda. Mashindano ya nani ananyanyua kizito zaidi yasubiri hadi amalize kukua.