Mipira ya utomvu ikiganda, usitie kitu ndani

SWALI: Nafanya kazi huku Vermont, Marekani, kwenye shamba la mepuli, miti ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira tamu, na huu ndio msimu wangu wa kwanza. Mwezi huu wa Machi, kila asubuhi mipira, yaani mabomba membamba ya plastiki ya kukusanyia utomvu, huwa imeganda mpaka saa nne au saa tano. Juzi kichujio kilicho karibu na pampu kilipasuka. Mwenzangu anasema jioni tutie ndani ya mipira kulanti ya gari kidogo (maji ya kupozea injini), au chumvi, ili isigande. Ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo, ndugu yangu. Mzuie mwenzako leo hii.

Ili kupata lita 1 ya shira mnachemsha utomvu karibu lita 40, na kinachoondoka motoni ni maji. Ethilini glaikoli iliyomo kwenye kulanti huchemka kwenye nyuzi 197, ilhali shira huepuliwa ikifika 104 hivi. Kwa hiyo sumu hiyo haitoki na mvuke, inabaki na kukolea pamoja na sukari. Na ni tamu, hivyo anayeonja hatashtuka. Atakuja kushtuliwa na figo. Chumvi nayo itakolea vilevile. Hakuna "kidogo" katika chakula kinachopunguzwa mara 40.

Ila kinachoniudhi kila msimu ni ile dhana iliyo nyuma ya ushauri huo, kwamba kuganda ni adui. Bila usiku wa baridi hamna utomvu! Joto likishuka chini ya sifuri, gesi iliyomo ndani ya mbao za mti hunywea na mti ukavuta maji kutoka mizizini. Mchana joto likifika nyuzi 4 au 5, gesi hutanuka na shinikizo husukuma utomvu nje kupitia tundu mlilotoboa. Mpira ulioganda saa mbili asubuhi umefungwa kwenye mti ambao nao umeganda. Hapo hamjapoteza hata tone.

Kwa hiyo mipira ya msituni iacheni igande, plastiki yake inavumilia. Vinavyohitaji ulinzi ni vyenye mwili mgumu: pampu, kichujio, valvu na kile chombo kinachopokea utomvu na kuumwaga tangini. Kichujio chenu kilipasuka kwa kuwa kililala na maji. Jioni msikimbilie kuzima pampu ya kufyonza mara utomvu unapopungua. Iacheni ivute mpaka mipira iwe tupu, ndipo mzime na kumwaga kila kilichosalia. Valvu ya tufe, yaani koki yenye tufe linalozunguka ndani, msiiache imefungwa kabisa wala kufunguliwa kabisa, maana maji hunaswa kuzunguka tufe na kupasua mwili wake usiku. Mkishamwaga maji, mkono wake uacheni katikati. Chombo cha kupokelea kijengeeni kasha lenye sponji ya kuhami na waya wa kupasha joto. Kama mna mashine ya kuchuja maji kwenye utomvu kabla ya kuchemsha, chumba chake kisishuke kamwe chini ya sifuri, kwani tando zake zikiganda zimekwisha.

Mti ukianza kutoa utomvu huku bomba kuu, lile linalopokea utomvu wa mipira yote, bado limeziba kwa barafu, hapo ndipo mna hasara, na chanzo chake ni mteremko. Pita asubuhi ufuate bomba: barafu inapochelewa kuyeyuka, mara nyingi utakuta limebonyea na utomvu umetuama. Kaza waya unaolishikilia, inua bomba, lipate mteremko wa angalau mita 2 kwa kila mita 100. Wapo wanaopitisha moto wa gesi kwenye kipande hicho. Plastiki inalegea, viungo vinavuja hewa, na nguvu ya kufyonza inapotea msimu mzima.

Njia za mkato zimewahi kuidhuru kazi hii. Zamani wakulima walitia vidonge vya paraformaldehidi, kemikali ya kuua vijidudu, kwenye matundu ili yasizibe mapema. Utomvu uliongezeka kweli, lakini mbao zikaoza kwa ndani, na leo vidonge hivyo ni marufuku Marekani na Kanada. Mtu akikuletea dawa yoyote ya kuzuia mipira isigande, mwulize itatokaje kwenye shira.

Na kama kulanti imeshatiwa hata kwenye mpira mmoja, mwambieni mwenye shamba leo, hata kama atafoka. Tangi lililopokea utomvu huo lisichemshwe, na mpira huo ung'olewe, uwekwe mpya.