Maswali Yenu: Utafiti wa Afya ya Wahamiaji, na Wanaoomba "Linki"

Tangu nigusie nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu kwenye afya ya wahamiaji na jamii za wachache, maswali yamemiminika. Nimechagua yanayofaa wengi. Waliouliza yaleyale ya mwaka jana watanisamehe, au wasinisamehe.

Habari za kazi mkuu. Naomba linki ya skolashipu ya posdoki. (Msomaji, Mwanza)

Nzuri. Posdoki, yaani utafiti wa baada ya uzamivu, si skolashipu, ni kazi: una mkataba, una mshahara, na una matokeo unayodaiwa. Hukusema umesomea nini, umewahi kuchapisha nini, wala unataka kuchunguza nini. Ukishayajua hayo matatu, linki utaipata mwenyewe kabla chai haijapoa.

Nimetuma barua pepe zaidi ya 60 kwa maprofesa wa Ulaya. Wawili tu wamejibu, na wote hawana nafasi. Nakosea wapi? (Msomaji, Eldoret)

Asante kwa kuniambatishia moja. Inaanza na "Mheshimiwa Profesa" bila jina, inasifu "chuo chenu maarufu duniani", kisha unasema uko tayari kufanya utafiti "wowote" unaohusu wahamiaji. Hilo neno "wowote" ndilo lililokufungia mlango. Profesa anapokea barua za namna hiyo kila asubuhi, na kidole chake kimeshazoea kuzifuta.

Chukua mfano. Amsterdam kuna utafiti unaoitwa HELIUS, ulioanza mwaka 2011. Unafuatilia afya ya wakazi wapatao 25,000 wa jiji hilo: Waholanzi, Wasuriname wenye asili ya Afrika, Wasuriname wenye asili ya Asia Kusini, Waghana, Waturuki na Wamoroko. Data zake zinaombwa kwa kuwasilisha pendekezo la utafiti. Kwa hiyo mtu wa epidemiolojia aliyeko Eldoret anaweza kukaa chini, akasoma wameshachapisha nini, akaona pengo, akaandika mistari kumi: mimi nimefanya hiki, nyinyi mmeonyesha hiki, hapa katikati kuna swali halijaguswa, mimi nitaligusa kwa mbinu hii, na ufadhili ninaoulenga unafunga Septemba. Barua kama hiyo hujibiwa. Hata ikikataliwa, hukataliwa na mtu aliyeisoma.

Halafu mnapenda mno kukusanya data mpya. Kila mtu anataka dodoso lake na wahojiwa wake. Zilizolala kabatini zinawangoja wachambuzi, nao ni wachache.

Nitatetea tasnifu mwezi Novemba. Naweza kuomba ufadhili wa posdoki wa Umoja wa Ulaya, Marie Skłodowska-Curie, wa mwaka huu? (Msomaji, Morogoro)

Kama dirisha linafunga Septemba, kama kawaida yake, hapana. Uwe umeshatetea kabla ya siku ya mwisho. Na usikimbilie kutuma ombi bichi ili "kujaribu bahati": mwaka 2024 yalipokelewa maombi 10,360, mwaka 2025 yakapita 17,000. Tena ombi lililopata alama za chini linaweza kukuzuia kurudi mwaka unaofuata na taasisi ileile. Omba ukiwa tayari.

Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, PhD nilipata Makerere. Nimeingia Ubelgiji miaka miwili iliyopita na kuomba hifadhi, na karatasi za ukimbizi nimepewa miezi minane iliyopita. Nimeambiwa kanuni ya kuhama ya Marie Skłodowska-Curie inaniondoa. Ni kweli? (Msomaji, Brussels)

Aliyekuambia amesoma nusu ya ukurasa. Kanuni inasema hivi: katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kuomba, usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu katika nchi ya taasisi itakayokupokea kwa zaidi ya miezi 12. Ila muda uliotumia kwenye utaratibu wa kupata hadhi ya ukimbizi hauhesabiwi. Saa yako ilianza kugonga ulipopewa hadhi. Miezi minane hiyo, na inaongezeka, kwa hiyo hesabu mpaka siku ya mwisho ya dirisha, usihesabu mpaka leo. Weka nakala ya barua ya siku uliyoomba hifadhi na ya siku uliyokubaliwa. Hizo karatasi mbili ndizo ushahidi wako.

Jambo la pili hukuniuliza, lakini litakukuta. Kanuni hiyo inaangalia nchi unayokwenda tu, kwa hiyo kwa Uholanzi uko safi kabisa, na Amsterdam ni mwendo wa treni wa saa mbili hivi. Ukishawishika, kumbuka kwamba hati ya ukimbizi ya Ubelgiji haikupi moja kwa moja ruhusa ya kufanya kazi Uholanzi. Ofisi ya watafiti wa kigeni ya chuo kinachokupokea iulizwe mapema, kwa maandishi, kabla hujaanza kuaga watu.

Nina PhD ya afya ya jamii. Mradi mmoja wa Ulaya unaochunguza afya ya Wasomali na Wakongomani umenipa nafasi ya "mratibu wa mawasiliano ya jamii". Mshahara si mbaya. Nikubali? (Msomaji, Nairobi)

Hapa ndipo penye kidonda changu, kwa hiyo vumilia.

Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Nilikuwa na uzamivu mfukoni, na kazi yangu ilikuwa kubisha hodi kwenye maghorofa, kunywa chai za watu, kuwashawishi wakubali kutolewa damu, na kutafsiri dodoso usiku kwa sababu aliyepangwa kutafsiri alikuwa hajui Kiswahili cha Goma. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye shukrani, kati ya dereva na aliyetoa vitafunwa. Dereva na mpishi walistahili shukrani. Mimi nilistahili kuwa juu, pamoja na waandishi.

Watu wanadhani lugha ni kazi ndogo. Chukua swali jepesi kabisa: "Je, umekuwa na homa katika wiki mbili zilizopita?" Mtanzania anaelewa mwili kuchemka. Mkenya huenda akafikiria mafua. Wote wawili wanajibu "ndiyo" na kompyuta inawaweka safu moja. Au muulize mama wa Tanga kama ana shinikizo la juu la damu, atasema hana. Muulize kama ana presha, atakuuliza ipi, ya kupanda au ya kushuka, kisha atakutolea vidonge kwenye mkoba. Anayeliona kosa hilo kabla halijaingia kwenye jedwali anafanya sayansi, hata kama mkataba wake unamwita mratibu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza mambo matatu, na upate majibu kwa maandishi. Nitaruhusiwa kuchambua data, au nitazikusanya tu? Ni makala ipi nitakuwa mwandishi wa kwanza? Kazi ya tafsiri na majaribio ya dodoso imewekwa kwenye bajeti, au imefichwa ndani ya "mawasiliano"? Wakijibu vizuri, nenda. Wakisema "hayo tutayaongea ukishafika", basi jibu umeshalipata.

Na usidhani haiwezekani kuwa mwenye swali. Utafiti wa RODAM, uliolinganisha Waghana wa vijijini na mijini kwao na wale wa Amsterdam, Berlin na London, uliongozwa na Charles Agyemang, Mghana aliyeko Amsterdam. Tazama walichokiona: unene uliokithiri kwa wanawake ulikuwa takriban 8% vijijini Ghana, kama theluthi moja mijini Ghana, na zaidi ya nusu London. Wangelinganisha Waghana wa London na Waingereza peke yao, kama ilivyozoeleka, wangesema Ulaya ndiyo iliyowanenepesha. Kumbe sehemu kubwa ya safari ilishaanza mjini Kumasi. Swali la namna hiyo huulizwa na mtu anayejua kwao kunafananaje.

Marekani je? Wanasema pesa za utafiti ziko huko. (Msomaji, Bujumbura)

Zilikuwako. Taasisi yao ya afya ya jamii za wachache, NIMHD, ilipata hadhi ya taasisi kamili mwaka 2010, na watu wengi wetu walipitia miradi yake. Mwaka 2025 ruzuku nyingi zinazogusa usawa wa afya zilikatwa katikati ya safari, na bajeti iliyopendekezwa na Ikulu kwa mwaka wa fedha 2026 ilitaka taasisi hiyo ifutwe kabisa. Tofautisha pia milango ya ufadhili wa watafiti wachanga huko: F32 na T32 ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu, usipoteze usiku wako. K99 inampokea mgeni, lakini asiwe amevuka miaka 4 ya utafiti wa baada ya uzamivu.

Kwako wewe wa Bujumbura kuna ukuta mwingine. Tangu Juni 2025 Burundi imo kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, na viza ya J, ambayo ndiyo watafiti wengi huitumia, imo ndani yake. Ningekuwa wewe ningeangalia kwingine kwa sasa.

"Jamii za wachache" maana yake ni kina nani hasa? Mimi nataka kuchunguza afya ya Wahadzabe. Naingia humo? (Msomaji, Arusha)

Swali zuri kuliko yote, na nashangaa limeulizwa na mmoja tu.

Kila nchi inahesabu watu kwa miwani yake. Uingereza sensa inauliza asili ya mtu tangu 1991, kwa hiyo huko unaweza kulinganisha Waafrika Weusi na Wabangladeshi bila shida. Uholanzi inaangalia nchi aliyozaliwa mtu na walikozaliwa wazazi wake. Ufaransa sheria yake ya mwaka 1978 inabana sana kurekodi rangi na asili, hivyo watafiti hukimbilia mahali pa kuzaliwa. Matokeo yake, mjukuu wa Mngazija aliyezaliwa Marseille ni Mfaransa tu kwenye takwimu, hata kama anaugua kwa namna ya babu yake. Ukiandika pendekezo la kulinganisha "jamii za wachache" katika nchi hizo tatu bila kulijua hilo, mtathmini atakuangusha ukurasa wa pili, tena kwa haki.

Sasa Wahadzabe. Wanaingia, kwa nini wasiingie? Lakini sensa ya Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya 1967. Hata ile ya 2022 haikuuliza. Huna idadi rasmi ya kugawanyia vifo wala chanjo zako. Itabidi uanzie Eyasi kwenyewe, kambi kwa kambi, na hilo ndilo liwe moyo wa pendekezo lako: utajuaje idadi ya watu ambao takwimu za taifa haziwatenganishi? Wakenya wana nafuu, sensa yao bado inauliza kabila. Kama hiyo ni nafuu au ni balaa, waulize wenyewe wakati wa uchaguzi.

Ni lazima niende Ulaya? (Msomaji, Kampala)

Wewe unaniuliza ukiwa Uganda, nchi yenye wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote Afrika? Makazi ya Nakivale yanapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Wellcome, mfuko wa Uingereza wa utafiti wa afya, hutoa ruzuku yake ya watafiti wanaoanza hata kwa taasisi zilizoko nchi zetu. Nairobi kuna APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, Johannesburg kuna kituo cha uhamiaji cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Vibali ndivyo vitakavyokutoa jasho. Kwenu ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu kwa makazi ya wakimbizi. Tanzania ni NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, halafu Wizara ya Mambo ya Ndani kama unataka kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwenye ratiba yako vitengee miezi, si wiki.

Nataka kuchunguza afya ya dada zetu wanaofanya kazi za ndani Ghuba, lakini waajiri hawatanifungulia mlango. (Msomaji, Mombasa)

Na usiwagongee, utamponza dada wa watu. Wasubiri nyumbani. Kabla ya kuondoka hupimwa kifua kikuu, VVU na mimba, karatasi ikigongwa muhuri wa "anafaa". Je, waliorudi wana hali gani, ukilinganisha na karatasi hiyo? Pendekezo lako ni hilo, na unaweza kulifanya Likoni bila viza ya mtu yeyote.

Nina miaka 44. Nimechelewa? (Msomaji, Dodoma)

Marie Skłodowska-Curie wanahesabu miaka tangu uzamivu, mwisho 8, na likizo ya uzazi inaondolewa kwenye hesabu. Cheti cha kuzaliwa hakimhusu mtu.

Kwa nini usifungue kundi la WhatsApp tuwe tunatumiana nafasi? (Wasomaji kadhaa)

Nililifungua. Wiki ya tatu lilikuwa limejaa picha za Ijumaa njema na viwanja vya Kigamboni.